Sato wa Kunituliza

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Mke wangu amenyamaza. Jambo hili si dogo.

Amerudi kutoka sokoni Igogo jioni, furushi la mitumba kichwani. Nikamuuliza, kama kawaida, kwa nini amechelewa, amepita njia gani, na yule mwanamume aliyemsaidia kutua furushi pale njia panda ni nani. (Nilikuwa nyuma ya kibanda cha mkaa. Nilimwona vizuri.) Siku zote angenijibu. Angesema Baba Dorotea, umenichosha, angeutaja ukoo wangu wote, nami ningejibu, tungeendelea mpaka ugali unapoa. Leo kimya. Alinitazama, akachukua sufuria, akaenda kuisugua nje kwa majivu. Nikauliza tena kupitia dirisha. Akaendelea kusugua.

Chakula cha jioni: ugali na mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya kiwanda kuchukua nyama na kuipeleka Ulaya. Nimekula peke yangu.

Niandike hali ilivyo, huenda siku moja ushahidi ukahitajika. Mwezi uliopita shemeji yangu Masalu, kaka yake Wilhelmina, alitoka Kisesa akaja kukaa kikao sebuleni kwangu. Wilhelmina alilia. Alisema amechoka kuhojiwa kama mwizi kila siku ya Mungu. Masalu ni mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Akasema atarudi Jumapili ya tarehe 15 na pikapu ya kuazima, na kama bado namfuata dada yake na kumhoji, atapakia vitu vyake. Nikaapa kuacha. Na kweli nimeacha kufuata kwa karibu. Sasa nafuata kwa mbali.

Sipendi kuifikiria nyumba hii bila Wilhelmina. Binti yetu Dorotea ameolewa Geita. Kampuni ya pamba imeuzwa, nami nikapunguzwa. Nikimpoteza huyu nitabaki na redio tu. Ndiyo maana nalinda. Nimekuwa mtunza ghala maisha yangu yote, na mtunza ghala anayeamini watu si mtunza ghala, ni mlango.

Jumanne, 3 Agosti

Jino la nyuma limevimba. Mdomo haufunguki. Wilhelmina aliporudi nilimwitikia kwa kichwa tu, nikamsaidia kutua furushi kwa sababu lilikuwa limeziba mlango.

Jioni: sato! Mzima, amekaangwa kisha akaungwa kwa nyanya na vitunguu. Sato, wakati siku hizi samaki wa maana wanapakiwa kwenye magari ya kiwanda kabla hawajamaliza kufa. Akakaa nami mkekani. Akanichambulia miiba kwa ajili ya jino. Akanisimulia habari za sokoni mwenyewe, bila kuulizwa, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo. Nilifurahi sana.

Halafu nikajiuliza anataka nini.

Alhamisi, 5 Agosti

Jana jino lilipoa, nikahoji. Kimya. Mapanki. Leo nikafanya jaribio: sikuuliza hata neno. Nilisema pole na kazi, basi. Sato, mkeka, kicheko.

Nikiuliza, mapanki. Nisipouliza, sato. Mtu mwingine asingeliona hili. Mimi nimeliona.

Nikaenda kwa Chenge, muuza kahawa, mtu aliyeoa mara nyingi na kuachwa mara hizo hizo. Nikamweleza kwa mafumbo. Chenge hakuhitaji mafumbo. Alisema hiyo ni limbwata, dawa ambayo mke anamwekea mume kwenye chakula ili atulie kama kondoo. Alisema huanza na chakula kizuri. Halafu mume huanza kuwahi nyumbani. Halafu hubeba mizigo. Mwisho hukubali kila analoambiwa na kuona ni sawa.

Nikahesabu dalili. Juzi nilitua furushi. Leo nimewahi nyumbani, na tangu mchana nilikuwa naitamani jioni. Mbaya zaidi, swali lilikuwa limeshafika mdomoni, zuri kabisa, la njia aliyopita, na nikalimeza. Mtu mwenye akili zake hamezi swali.

Ijumaa, 6 Agosti

Mpango umekamilika. Ni mpango safi.

Sitaacha kumpokea vizuri, maana nikiacha hatapika sato, na sato ni kielelezo. Lakini sato sitamla. Atamla Otuoma.

Otuoma ni mpangaji wangu wa chumba cha uani, Mjaluo wa Shirati, fundi redio. Hasalimii. Anarudi jua limeshazama, redio begani imefunguliwa mpaka mwisho. Akipatwa na kitu, hasara si kubwa.

Leo nilisema joto limezidi, nitakula uani. Wilhelmina alipokuwa anamalizia mboga jikoni, nikagonga kwa Otuoma nikampa sahani. Nikasema tumbo langu halitaki samaki. Hakuuliza kitu. Alimla sato mpaka kichwa, akanyonya macho, akanirudishia sahani na miiba imepangwa ukingoni kama kitana. Wilhelmina alipoona miiba alitabasamu. Nikaenda kwa Chenge kula maandazi ya jana.

Jumapili, 8 Agosti

Dawa inafanya kazi. Nina ushahidi.

Jana asubuhi Otuoma aliniambia shikamoo. Tunalingana umri. Jana hiyo hiyo alirudi mapema, redio imezimwa, akakaa juu ya jiwe akiangalia mlango wangu. Nikampa sato wa pili. Leo nimetoka kanisani nikakuta uani kumefagiwa. Kamba ya nguo, iliyokatika tangu Pasaka, imefungwa upya.

Mpaka hapo nilikuwa najipongeza. Ndipo Otuoma akaniuliza, kwa adabu sana, kama mama atapika jioni hii.

Hapo nikaelewa. Dawa ilichanganywa na Wilhelmina, kwa hiyo anayeila hutulizwa kwa Wilhelmina! Nimemchukua mwanamume mzima, jirani, asiye na mke, nikamlisha kwa mkono wangu mapenzi ya mke wangu. Sikumwambia mtu. Nilikaa sebuleni nimeshika Biblia na sikuifungua.

Jumatatu, 9 Agosti

Lazima nimjue mganga mwenyewe. Nikamfuata Wilhelmina, kwa mbali zaidi kuliko mbali ya kawaida. Nilivaa koti la kike kutoka kwenye mitumba yake, lenye manyoya shingoni, ili asinitambue. Sikufikiria jua.

Hakwenda Igogo. Alishuka stendi ya Buzuruga, akakata nyuma ya zahanati ya kanisa, akaingia kwenye chumba chenye pazia la bluu. Nikasimama kando ya duka la baiskeli, jasho likiingia kwenye viatu. Mama mmoja akashika manyoya na kuniuliza kama koti linauzwa. Nikamwambia nimelivaa. Akasema anaona, lakini linauzwa?

Wilhelmina akatoka na mwanamke wa makamo, nywele fupi, miwani, kalamu sikioni. Wakashikana mikono, wakacheka. Kwa hiyo huyo ndiye. Hana kibuyu, hana shanga, ana meza na kiti. Siku hizi kila kitu kimeingia soko huria, hata uganga.

Jumanne, 10 Agosti

Nimekwenda mwenyewe kwa mganga. Anaitwa Bi Odeta. Nikajiita Alexander, nikasema nimekuja kwa ajili ya rafiki.

Alisema yeye si mganga, ni mshauri. Wanasema hivyo wote. Nikamweleza kwamba mke wa rafiki yangu anampa mumewe sato akinyamaza na kumnyima akihoji. Nikamuuliza hayo ni majani gani.

Akasema hakuna majani. Akanieleza taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Tendo la mtu likifuatwa na jambo zuri, tendo hilo hurudi. Lisipofuatwa na chochote, hupungua mpaka likafa. Mtoto akililia pipi dukani ukampa, umemfundisha kulia. Nikasema lakini rafiki yangu hakuwa akipewa pipi, alikuwa akipewa ugomvi. Akasema kwa mtu anayeogopa kusahauliwa, hata ugomvi ni pipi. Akaonya pia kwamba ukiacha kumpa mtu alichozoea, mwanzoni hatulii. Kwanza huzidisha fujo, na wengi hushindwa hapo wakampa.

Halafu akauliza rafiki yangu anaogopa nini hasa. Nikasema haogopi kitu. Akaendelea kuniangalia. Sijui ilikuwaje, nikajisikia nasema anaogopa kubaki peke yake. Akasema basi rafiki yangu amwambie mkewe maneno hayo hayo, badala ya maswali.

Ushauri wa ajabu. Mtunza ghala haonyeshi watu funguo ziliko. Lakini hiyo habari ya kutuliza mtu bila majani nimeipenda. Kama Wilhelmina anaweza kunifanyia mimi, mimi nitashindwaje kumfanyia yeye?

Wakati naaga aliniita Baba Dorotea. Nilikuwa Alexander. Mwanamke huyu ni wa kuangaliwa.

Jumatano, 11 Agosti

Jaribio la kwanza kwa Wilhelmina. Lengo: aseme mwenyewe alikokwenda, nisiulize. Silaha: karanga za kukaanga, ambazo anazipenda kuliko nyama.

Aliporudi nikakaa kimya na karanga mfukoni. Akasema jua la leo kali. Sikumpa kitu. Akasema amechoka. Sikumpa. Akasema huko Igogo leo wateja walikuwa wachache. Igogo! Nikampa karanga. Akashangaa, akala. Baadaye akasema amepitia kwa Modesta, mwenzake wa sokoni, kumwona mtoto. Nikampa karanga. Akaniangalia, akaangalia mfuko wangu, akaanza kucheka. Akanyoosha kiganja akasema ametoka jikoni. Nikampa. Akasema amepita mlangoni. Akasema sasa yuko mkekani, karibu na mume wake.

Zikaisha. Tulicheka wote wawili mpaka Otuoma akachungulia. Wilhelmina akasema hajaniona hivi tangu tuhamie Mwanza. Alisema Masalu akija Jumapili atamkuta anapika, na atamwambia arudi na pikapu yake tupu.

Usingizi ulinichukua vizuri. Ndiyo kusema limbwata imezidi.

Alhamisi, 12 Agosti

Mchana niliona nimtibu Otuoma, ambaye mpaka jana nilikuwa bado nampa sato, kabla hajaleta aibu. Njia ile ile ya Bi Odeta: kumnyima. Sato atabaki kwenye sahani yangu, nami nitajifanya nakula na kumzika shambani.

Jua lilipoinama Otuoma akakohoa dirishani. Sikujibu. Akafagia uani mara ya pili, kwa kelele. Sikujibu. Akafungua redio, akazima, akafungua. Akagonga ndoo. Bi Odeta alisema fujo itazidi kabla ya kufa, kwa hiyo nilifurahi kuona inazidi. Nikajikaza.

Wilhelmina alikuwa ndiyo kwanza ameketi mkekani mlango ulipofunguliwa. Otuoma. Shati jeupe, nywele zimelowa maji, sahani yake mwenyewe mkononi.

"Mzee, shikamoo. Leo samaki yangu iko wapi?"

Wilhelmina akamuuliza samaki gani. Otuoma, mtu mkweli bila sababu, akasema hii ya kila siku ambayo mzee ananipa kwa sababu tumbo yake inakataa. Akamshukuru mama kwa nyanya.

Nikasema yote. Ilibidi. Nikataja limbwata.

Hakupiga kelele. Alisema kila siku alikuwa anaondoka alfajiri kabla ya soko, anashuka mwaloni, kule ufukweni mitumbwi inakotua samaki, kuwawahi wavuvi kabla ya magari ya kiwanda, anabembelezana nao apate sato mmoja. Alisema Bi Odeta alimfundisha asinijibu nikihoji, na akae nami nisipohoji. "Dawa ilikuwa mimi kukaa na wewe, Baba Dorotea," akasema. "Hiyo ndiyo uliyompa Otuoma."

Akaingia chumbani. Hakusugua sufuria. Nilisimama mlangoni na maneno yale niliyomwambia Bi Odeta yalikuja mpaka kwenye ulimi. Nikaona yatamfanya anione dhaifu. Nikamuuliza badala yake huko mwaloni wavuvi hao ni akina nani.

Jumapili, 15 Agosti

Masalu amekuja. Pikapu nyekundu.

Sikubishana. Nilibeba mwenyewe sanduku lake na furushi la mitumba. Masalu akasema, "Shemeji, nilidhani nitarudi tupu." Nadhani naye alisikitika.

Wilhelmina alipanda mbele, akateremsha kioo. Akasema hajaniacha, anapumzika. Jumamosi atakuja kuangalia nyumba. Akasema nimpokee tu kama mtu anavyompokea mtu. Swali lisiwepo, mbio za kujificha nyuma ya vibanda zisiwepo. Nikiweza siku hiyo moja, atabaki.

Pikapu ikaondoka. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimekaa jikoni, nikauliza kwa sauti nani amehamisha kinu. Hakuna aliyejibu. Nimelia kidogo, na naliandika hili kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 18 Agosti

Nafanya mazoezi ya kumpokea. Nasimama mlangoni nasema karibu mama, pole na safari, halafu nafunga mdomo. Mwanzoni maswali yalikuwa yanafuata yenyewe. Sasa yanakaa. Nikifaulu najipa karanga. Nadhani Jumamosi nitaweza. Naomba Mungu niweze.

Kuna jambo moja tu. Kumpokea bila swali ni rahisi zaidi kama majibu unayo tayari. Wilhelmina alisema mimi nisihoji na mimi nisijifiche. Kuhusu mtu mwingine hakusema.

Otuoma ana wateja wa redio Kisesa. Tangu Jumatatu anakwenda huko asubuhi, anatengenezea redio zake mahali anapouona mlango wa Masalu, na jioni ananipa habari. Habari kamili, sato, ambaye siku hizi namfuata mwenyewe mwaloni. Habari nusu, mapanki. Jumatatu alileta nusu, akasema mama yuko salama, basi. Akala mapanki akiwa na huzuni. Jana alikumbuka alivyovaa. Leo amesema kila kitu kwa mfululizo, saa kwa saa, amesimama wima mlangoni pa jikoni, bila kuulizwa. Bi Odeta angejivunia.

Jumamosi, 21 Agosti

Niandike upesi kabla hasira haijanivuruga mpangilio.

Wilhelmina alifika mchana, kikapu mkononi, furushi kichwani. Furushi! Mtu anayekuja kuangalia tu haji na furushi. Nikasimama mlangoni nikasema karibu mama, pole na safari. Nikafunga mdomo.

Akasubiri. Akaniangalia usoni muda mrefu. Hakuna kilichotoka. Nikapokea furushi, nikaliweka chumbani, mahali pake. Akakaa kitandani, akasema, "Asante, Machibya." Hajaniita kwa jina tangu Dorotea azaliwe.

Akavua viatu. Akafungua kikapu, akatoa sato mkubwa, akawasha moto. Akawa anaimba kwa Kisukuma huku anakata vitunguu. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni nikimwangalia. Nilikuwa nimeshinda. Naapa sikuwa na swali hata moja kichwani, na hilo halijawahi kunitokea.

Harufu ya sato ikatoka hadi uani.

Otuoma akaja mbio kutoka chumbani kwake. Akasimama wima mlangoni pa jikoni, pale pale anaposimama jioni zote, akaanza:

"Mzee, shikamoo. Jana asubuhi mama ameenda kisimani, amerudi. Ameanika nguo. Saa nne amekuja mwanamke mmoja, mnene, wameongea uani, wamecheka. Saa sita mama amelala. Saa tisa ameenda kanisani, nimefuata mpaka kwenye geti, ameimba, amerudi. Leo asubuhi amefunga furushi, anaimba." Akameza mate. "Ni habari kamili, mzee."

Wilhelmina alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Alimwacha amalize. Halafu akampakulia sato wote, kwenye sahani kubwa, na nyanya zote. Akamwambia ale, hiyo ni haki yake, ameifanyia kazi. Akaosha mikono. Akavaa viatu, akaingia chumbani, akatoka na furushi kichwani. Nilimwita. Alipita kando yangu kama mtu anayempita mtu stendi.

Sasa jua limezama. Otuoma amekula, amefagia, ameniambia shikamoo, na anasubiri.

Nimetafakari kwa utulivu na nimeona kosa liko wapi. Otuoma anasema kwa sauti kubwa mno. Kuanzia Jumatatu, akinong'ona sato, akipaza sauti mapanki. Wiki mbili atakuwa ameiva.

Ila kuna jambo linaninyima raha, na lazima apeleleze hilo kwanza. Wilhelmina ametoka Kisesa leo na samaki mbichi kikapuni. Kisesa hakuna mwalo. Yule sato amepewa na nani?